Mshono Chini ya Zulia

Kila Jumapili baada ya misa, nikitoka tu mlangoni, kuna mmoja wenu anayenishika mkono na kuniuliza: mzee, gari la okazio, lililokwisha kutumika, huangaliwa vipi? Nimechoka kujibu nikiwa nimesimama. Magoti yangu yalistaafu kabla yangu, na ndiyo yaliyoniondoa kazini, kwa sababu mthamini wa magari asiyeweza kulala chini ya gari ni mtu wa kupiga soga tu. Basi nimekaa, naandika. Nilipata kiasi gani na nilipandishwa lini, hayo hamtayakuta hapa. Hayamfundishi mtu kitu, na baadhi yake yananitia hasira hadi leo.

Nilijifunza kazi Butembo, katika karakana ya Mzee Kasereka, aliyekuwa toliye, yaani fundi wa kunyoosha bodi. Siku ya kwanza nilifika jua limeshapanda, nimevaa shati jeupe. Alinitazama kuanzia kola hadi viatu, akanirudisha nyumbani. "Kesho ukuye mapema," alisema, "wakati baridi iko bado." Nilidhani ananitesa. Kumbe alitaka nione umande. Gari lililolala nje Butembo huamka limelowa, na palipo na bati tupu umande hukaa kwa namna moja, palipo na mastiki nene, ile dawa ya kusawazishia mabonde kabla ya rangi, hukaa kwa namna nyingine. Jua likishatoka, ushahidi umekauka. Ndiyo maana wauzaji wanaojua kazi yao huwaita wateja mchana.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Kioo cha kunyolea kilichofungwa kwenye fimbo, cha kuchungulia chini ya injini. Tochi. Chaki ya kuzungushia mahali palipotengenezwa. Na sumaku, iliyovikwa kipande cha kitenge cha mke wangu ili isikwaruze rangi. Sumaku hushika bati, haishiki mastiki. Ukiipitisha mlangoni ikateleza ghafla kama inayokanyaga ganda la ndizi, hapo pana hadithi. Kwa ajili yake watu waliniita Papa Sumaku, na wako waliokufa bila kujua jina langu la ubatizo.

Mzee Kasereka hakuwa mtu wa maneno mengi, ila neno moja alinikaririsha hadi nikachoka. "Usiulizake mutu 'hapana iligonga?'" alisema. "Atakujibu 'ndiyo', na wewe utarudia nyumbani na ndiyo yenye iko na hapana ndani." Mnajua sisi tunavyojibu. Mtu akikuuliza "Hii gari hapana iligonga?", ukisema ndiyo, unakubali kwamba haikugonga. Ukisema hapana, unamkatalia: iligonga. Lakini mtu aliyezoea kufikiri kwa Kifaransa husikia kinyume kabisa. Mzee aliwahi kuona mzungu na mkulima wa kijiji cha Kipese wakikosana juu ya lori moja hadi wakashikana mashati, na wote wawili walikuwa wamesema kweli. Kwa hiyo alinifundisha kuuliza hivi: "Iligonga wapi?" Mwenye gari safi atakasirika. Mwenye gari bovu atafikiri kwanza.

Pua pia ni kifaa, msiidharau. Mama Masika, mchuuzi wa samaki, aliniletea gari lake lililokuwa likibeba tilapia kutoka ziwani Kyavinyonge. Juu lilipendeza kama bibi harusi. Nilipofungua mlango, harufu ilinisalimia kabla yake. Nikamwambia maji ya samaki hula bati kuliko mvua ya miaka mingi. Akasema mimi ni mutu wa majivuno, gari lake liko nguvu kama ng'ombe. Nikabonyeza sakafu ya nyuma kwa kidole gumba, kikatokea upande wa pili. Mama Masika akakitazama kidole changu kwa muda, kisha akasema, "Bon. Ng'ombe mwenyewe anazeekaka." Tulibaki marafiki.

Ninachotaka mshike ni hiki: kutengenezwa si dhambi. Gari lililogonga ni kama mtu aliyeugua. Unauliza alitibiwa na nani. Nimeyapa bei nzuri magari yaliyopinduka, kwa sababu aliyeyanyoosha alikuwa fundi. Nimeyashusha mengine yaliyong'aa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi naongeza kwamba kibaya hupakwa rangi kwanza.

Miaka hii ya karibuni yalianza kuingia magari ya mbio, yale ya milango miwili, yaliyokaa chini kama bata. Yanapita mpakani Kasindi juu ya malori, kwa sababu kwa magurudumu yao yenyewe yasingefika. Sijui mtu anakimbilia wapi nayo katika barabara zetu, mashimo yote haya na vizuizi kila unapogeuka. Lakini pesa ikimzidi mtu hutafuta mahali pa kuonekana. Mkiyathamini hayo, sahauni rangi, tazameni mifupa. Gari la kawaida lenye mfupa uliounganishwa vibaya litakufikisha sokoni likilia. Gari la mbio litakusikiliza vizuri sana hadi siku utakapolikanyaga kweli, na siku hiyo hamna wa kusimulia.

Ndipo nije kwenye gari la Beni, ambalo sijawahi kulizungumzia hadharani.

Paluku alinipigia simu mwenyewe. Alikuwa akiingiza magari, mtu mkubwa, na kazi zangu nyingi zilipitia kwake. Mdogo wake, Kambale, alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa kifua, akamwacha mjane, Kavira, na watoto katika nyumba yao ya Bungulu, mtaa wa Beni. Mbele ya nyumba palikuwa na kiduka ambamo Kavira aliuza unga na sabuni, na hicho ndicho kilichowalisha. Kambale aliacha pia gari la mbio, jekundu. Ukoo ulitaka kugawa. Paluku alieleza mpango wake bila kuona haya: nyumba irudi kwa ndugu, mjane achukue gari, aliuze, arudi kwao Kipese akaanze upya. Kilichokosekana ni mtu wa kuapa kwamba gari na nyumba vina thamani sawa.

"Papa Sumaku," aliniambia, "ni kazi ya mbio-mbio. Angalia tu rangi."

Niliondoka Butembo asubuhi. Barabarani nilionyesha kitambulisho mara nyingi, na kila aliponirudishia askari niliomba Mungu kwa maneno mafupi, kama tunavyofanya sote upande huo. Sikuwa na raha. Mtu akikuambia uangalie rangi tu, tayari amekwisha kukuambia pa kuangalia.

Nilikuta baraza la ukoo limekaa sebuleni, wazee na ndugu wa marehemu. Mezani alikuwa Monsieur Mbala, afisa wa serikali aliyetumwa Beni kutoka Kinshasa, aliyeombwa aje kushuhudia ili jambo lisije likavunjwa baadaye. Mtu wa heshima, shati limepigwa pasi, Kiswahili chake kipya lakini cha kujitahidi. Kavira alikaa kwenye mkeka pembeni, amejifunga kitambaa cha matanga kichwani. Mjane hapandishi sauti juu ya shemeji zake mbele ya wazee. Hilo kila mtu alilijua, na Paluku alilitegemea.

"Monsieur," Paluku alisema, "mama mwenyewe hapana anataka hii nyumba. Anataka gari, aende kwabo. Sisi hatumufukuze."

Monsieur Mbala alifanya alichopaswa kufanya. Alimgeukia Kavira, akamuuliza kwa upole, "Mama, hii nyumba, hapana unaitaka?"

"Hapana," alisema Kavira, akatikisa kichwa.

Nilisikia vizuri kabisa. Alikuwa anakataa yale yaliyosemwa juu yake. Hapana, si kweli kwamba siitaki. Alilisema kwa nguvu zote ambazo mjane anaruhusiwa kuwa nazo, kisha akatulia, akiamini amejitetea. Monsieur Mbala akamtazama kwa huruma, akamgeukia Paluku. "Donc, elle renonce," alisema. Basi, ameiachilia nyumba. Kavira hakujua Kifaransa. Aliona tu yule afisa anaitikia kwa kichwa, naye akashusha pumzi.

Sebule ile ilijaa Wanande, watu wa huku kwetu. Hakuna hata mmoja ambaye hakuelewa Kavira alisema nini, na waliosoma kidogo walielewa pia afisa alisikia nini. Paluku alikunja mikono juu ya tumbo. Niliwaona wazee wawili wakitazama miguu yao, nikajua kwamba nyumba ya watu inaondoka mbele ya macho yangu kwa neno moja dogo, na kwamba watu wote waliomo wanaiona ikiondoka. Nilishikwa na hofu. Nilimwogopa Paluku, siwafichi. Lakini nilikuwa na hasira pia, na kwangu mimi hasira hufika mdomoni kwanza.

"Samahani, Monsieur," nilisema. "Mama amesema anaitaka."

Kavira aliinua kichwa. Paluku alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Papa Sumaku, tulikuita juu ya gari. Nyumba haina mastiki."

"Mama alisema hapana," Monsieur Mbala alisema, amechanganyikiwa. "Tous, vous avez entendu. Wote mulisikia."

Kavira akafungua mdomo. "Mi nilisema..."

"Mama amejibu," Paluku alimkata. "Hatuulizake mutu mukubwa mara mbili kama mutoto."

Mkeka ule, kitambaa kile, na wazee wote wale vilimnyamazisha Kavira. Monsieur Mbala aligonga meza kwa kidole, akaniangalia, akamwangalia Paluku. Alikuwa ameanza kuhisi kitu, ila hakujua ni nini. "Bon," alisema mwishowe. "Tuangalie gari kwanza. Kisha tutarudi ku hii neno."

Tukatoka sote uani. Gari lilikuwa chini ya bashi, yaani turubai, na Paluku alilivuta bashi lile mwenyewe, kwa madaha, kama anayefunua sanamu. Lilikuwa zuri. Rangi nyekundu ilikuwa na kina, huwezi kuona alama ya brashi wala vumbi lililonaswa. Niliona wazee wanalegea wakilitazama. Paluku alisimama karibu na bega langu na kupumua.

Nilianza mbele. Sumaku ilishika. Bati la asili, nati za boneti hazijawahi kuguswa. Nikaenda nyuma. Huko nako sumaku ilishika, bati la asili, hata gundi ya kiwandani ilikuwa mahali pake. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilirudi mbele kutazama tena, kwa sababu alama iliyochapwa kwenye vioo vya mbele haikufanana na ile ya nyuma. Kioo kimoja huweza kuvunjika kikabadilishwa. Lakini vioo vyote vya mbele kuwa na umri wao, na vyote vya nyuma umri mwingine, hilo si jiwe lililorushwa na mtoto.

Nikaipitisha sumaku kwenye nguzo ya mlango, taratibu, juu hadi chini. Sumaku ikateleza. Nikaenda nguzo ya upande wa pili. Ikateleza pale pale, kimo kile kile. Nikazungushia chaki. Nyuma yangu mtu mmoja akauliza hiyo duara ni ya nini.

"Inatosha," alisema Paluku. "Sema bei."

"Bado sijaona chini."

Nilipiga magoti, na wakati ule bado yalikubali, nikasogeza kiti cha mbele, nikashika ukingo wa zulia.

"Acha ile tapi," Paluku alisema kwa sauti ya chini. "Utaiharibu. Na wewe, unataka kufanya kazi na nani kesho?"

Lile zulia halikuhitaji kuvutwa. Lilikuwa limekatwa vizuri kwa wembe pande tatu, likafunguka kama kifuniko. Mtu alikuwa akilifungua na kulifunga mara nyingi, hata gundi yake ilikuwa imechoka. Chini yake mshono wa kuchomelea ulivuka sakafu yote, kutoka mlango hadi mlango. Yalikuwa magari mawili. Nusu ya mbele ya moja, nusu ya nyuma ya jingine, yameunganishwa katikati, pale pale anapokaa mtu.

Nimeona kuunga kwingi. Kuna mafundi wanaoungia vizuri. Huyu hakuwa mmoja wao. Na juu ya mshono ule, kila baada ya shubiri moja, palikuwa na vistari vyembamba vya rangi, vimepita juu yake kama mishono ya sindano: vingine vyekundu, vingine vya waridi, vingine vya kahawia. Nilivielewa mara moja. Fundi akitaka kujua kama mahali palipoungwa panatembea, hupaka mstari wa rangi ngumu juu ya kiungo. Pakitulia, mstari hubaki mzima. Pakifunguka, hata kwa unene wa unywele, rangi hupasuka. Vile vistari vilikuwa vya nyakati mbalimbali. Kimoja kikipasuka, kingine kilipakwa kando yake. Cha mwisho, ambacho bado kiling'aa, kilikuwa kimepasuka kabisa.

Niliwaita wakaribie, nikawaeleza kama nilivyowaeleza ninyi. Monsieur Mbala aliinama na suruali yake ya pasi, akatazama. "Nani alipaka hii?" aliuliza.

Kavira alisogea, akapita katikati ya wazee bila kuomba njia, akainama mpaka uso wake ukakaribia sakafu ya gari.

"Hii ni verni yangu," alisema. "Ya kucha. Hii nyekundu ni ya arusi ya dada yangu. Hii ya rose nilinunuaka ku Butembo." Akaigusa kwa ncha ya kidole. "Zilikuwa zinaisha mbio. Mi nikafikiri ni batoto njo banachezea. Nilibapiga."

Mteja aligonga kaunta ya kiduka upande wa barabara, akiita mwenye duka. Hakuna aliyeenda. Kavira alisimama, akamgeukia Paluku. Hakumtazama kama mjane anavyomtazama shemeji yake.

"Shemeji, hii gari ulimuuzisha bwana yangu wewe mwenyewe. Alijua?"

Paluku alimtazama Monsieur Mbala, kisha wazee, kisha mimi. Nadhani angeweza kusema uongo bado. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yeye aliwahi kuitembea mbali. Sijui ni nini kilichomshinda. Labda ile verni.

"Alijua," alisema. "Alinambiaka. Mi nikamwambia, ukisema, jina ya famille itaharibika, wateja watakimbia. Akanyamaza."

"Na wewe leo ulitaka nipande mule na batoto."

"Nilitaka uuzishe."

"Kwa batoto ba nani?" Kavira aliuliza.

Mzee mmoja wa ukoo, mmoja wa wale waliokuwa wakitazama miguu, alivua kofia yake, akaishika mbele ya kifua. Mimi niliambiwa nitoe bei, nikaitoa. Nilisema gari lile lina vipuri, na vipuri vina thamani yake, lakini kama gari la kupanda mtu siwezi kulitia bei yoyote, na atakayelitia bei aje alale chini yake kwanza. Kwa ukoo ule, hesabu ya nyumba na gari ikaishia hapo.

Monsieur Mbala alijipangusa magoti. Alikuwa mtu mwerevu, na mtu mwerevu haoni haya kuanza upya. "Mama," alisema, "nilikuuliza vibaya. Nikuulize tena. Wewe unataka nini?"

"Nataka nyumba yangu," alisema Kavira. "Batoto bangu banalala mule. Duka iko mule. Gari, mwenye aliiuzisha aibebe."

"C'est clair," alisema Monsieur Mbala, na safari hii alisema kwa Kiswahili pia, polepole, ili wote wasikie: mama anabaki na nyumba. Akamuuliza kila mzee kwa jina kama amesikia. Wote walisema wamesikia.

Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kama wanavyoondoka wenye aibu, kila mtu akijifanya ana safari. Paluku aliondoka wa kwanza. Hakuniletea kazi tena tangu siku ile, na siwaambii hili ili mnisifu. Nawaambia ili mjue kazi hii ina siku za njaa. Nilikuwa nikikusanya kioo changu na tochi nilipomwona Kavira amebaki peke yake kando ya gari, mkono uko kwenye kitasa cha mlango wa abiria. Alikuwa akikigeuza kitasa kama mtu asiyejua kinafunguka upande gani.

"Hapana nilishaka kukaa mule," aliniambia. "Hata siku moja. Kila ikifika dimanche, mi na batoto tulikuwa tunaenda misa na miguu, yeye anatupita polepole na gari yake, anatupungia mukono. Bantu banacheka. Mi nikasema, huyu mwanaume anaona haya juu yangu. Iko na mwanamuke mwingine mwenye anapandisha mule." Akaachia kitasa. "Nilimwambiaka ile neno, papa. Alikuwa ameshaanza kukohoa. Hapana alinijibu."

Nilimfungulia mlango, kwa sababu kitasa kile hufunguka kwa kuvutwa juu. Akaingia, akakusanya kitenge chake, akaketi miguu pamoja juu ya kile kiti, mshono ukiwa chini yake, akitazama ukuta wa ua.

"Funga mulango," alisema.

Niliufunga taratibu, kwa mikono miwili. Gari kama lile, ukiupiga mlango kwa nguvu, mastiki hudondoka.